Miezi Tisa ya Goti

Uwanja wa mpira milimani hauokotwi, unachongwa. Ukipanda kutoka Korogwe mjini, ukaacha nyuma yako mkonge na joto la bondeni, ukaingia Usambara Magharibi hadi Dindira, unakuta nchi ambayo karibu kila kilicho bapa kimefanywa bapa na jembe la mtu: kiwanja cha nyumba, uga wa shule, mahali pa kuchezea. Kando yake ni chai au migomba, na baada ya hapo mteremko. Mpira ukivuka mstari upande wa bondeni, mchezo husimama mpaka mtoto aliyeufuata arudi nao. Mvua ikinyesha udongo huteleza, na kiangazi kikishika huwa mgumu, wenye nyufa na vishimo vinavyoweza kunasa daluga. Hapo ndipo vijana wa kata wanapocheza ligi yao, mbuzi akiwa amefungwa pembeni akisubiri bingwa, na hapo ndipo magoti yao yanapokatika.

Kano ya mbele ya goti hukatika kwa namna inayowashangaza watazamaji, kwa sababu mara nyingi hakuna rafu. Mchezaji amepokea mpira, ameona mwanya upande wa kushoto, amekanyaga ili ageuke. Mguu umeng'ang'ania ardhi, kiwiliwili kimekwisha kuondoka. Au ameruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja, goti likalala kwa ndani. Takriban saba kati ya kila majeraha kumi ya kano hii hutokea bila mchezaji kugongwa na mtu. Mwenyewe husikia kitu kimekatika ndani. Anaanguka, anapiga ukelele, kisha baada ya dakika chache maumivu yanapungua, anasimama, watu wanampigia makofi. Jioni goti limejaa damu na halikunjiki.

Kinachofuata kila aliyekulia kijijini anakijua. Maji ya moto na chumvi, kisha mchuaji anayesemekana ana mkono wa kurudisha viungo, kisha bandeji ya duka la dawa. Wiki ya tatu uvimbe umeshuka, kijana anatembea, anashuka shambani, na jirani wanasema amepona. Akibahatika kufika hospitali anapigwa eksirei, na picha inaonyesha mfupa mzima. Eksirei haioni kano. "Mfupa hauna shida" ni kauli ya kweli kabisa, na kwa ukweli wake huo imewarudisha uwanjani vijana wengi ambao ndani ya goti hawana tena kitu cha kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele.

Linaloniuma ni kwamba kuligundua jeraha hili hakuhitaji mashine. Mgonjwa analala chali, goti limekunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja wa tabibu unashika paja, wa pili unauvuta muundi. Kano ikiwa nzima, mfupa husogea kidogo kisha hukwama ghafla. Ikiwa imekatika, mfupa unaendelea kuja, na ule mkwamo hauupati. Kipimo hicho kilielezwa mwaka 1976 na daktari Joseph Torg wa Philadelphia, Marekani, ambaye alikiita kwa jina la mwalimu wake, John Lachman. Picha ya MRI huja baadaye kuthibitisha na kuonyesha nini kingine kimeharibika, lakini mkono ndio unaotangulia. Mkono huo unaweza kufundishwa kwa tabibu wa zahanati yoyote, akajizoeza kwa magoti mazima ya wenzake hadi vidole vyake vijue tofauti.

Asipogunduliwa, kijana hurudi mchezoni na goti linaloachia. Ndilo neno wanalolitumia wenyewe: linaachia. Akikimbia moja kwa moja hana tabu. Akigeuka tu, paja na muundi hupishana, na kila vinapopishana huziponda zile gegedu mbili zilizokaa katikati ya mifupa. Kano iliyokatika ni jeraha la siku moja. Gegedu zinazosagika ni jeraha la miaka, na mwisho wake ni goti la mzee katika mwili wa mtu wa miaka 35. Mtu huyo hakimbilii tena mpira, ila bado anapaswa kushuka na mzigo wa majani ya chai kabla gari la kiwanda halijaondoka.

Sisi Watanzania tuna goti moja tunalolikumbuka kuliko yote. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani, goti likateguka na bega likaumia. Walioanza mbio hizo walikuwa 75, na waliofika walikuwa 57. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, na Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada yake, wa 57, giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji. Dunia imekuwa ikimtazama akichechemea mpaka leo. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma amalize mbio, si kuzianza tu. Mwaka 1983 taifa lilimpa nishani.

Namheshimu Akhwari kwa moyo wote, na sitaki hata mita moja ya mwendo ule ipunguzwe. Lakini nimeanza kuuliza tumejifunza nini kwake. Tumejifunza kwamba mwanamume haachi. Kocha wa kijiji anamwambia kijana aliyevimba goti "kaza", na mashabiki wanamwita jasiri anayerudi uwanjani kwa kuchechemea dakika ya 80. Ile saa moja ya Mexico City tumeifanya kipimo cha uvumilivu wote. Kuna jambo ambalo simulizi zetu hulipita haraka: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni na akawa wa tano. Kati ya Mexico City na Edinburgh kuna mwaka mmoja na miezi tisa. Mguu uliofungwa bandeji usiku ule ulipona ukarudi kushindana na wakimbiaji bora wa Jumuiya ya Madola. Huo nao ni uvumilivu, na hakuna kamera iliyoufuata.

Upasuaji wa kano za goti una historia fupi kuliko watu wanavyodhani, na mwanzo wake haukuwa wa wanamichezo. Mwaka 1895, mjini Leeds, Uingereza, daktari Arthur Mayo Robson alilifungua goti la mchimba madini mwenye umri wa miaka 41 aliyeumia kazini, akazishona kano zilizokatika. Mtu yule alirudi kazini. Naipenda habari hii kwa sababu inatukumbusha kwamba goti lilianza kutengenezwa ili mtu aweze kufanya kazi. Mchuma chai anayeshuka mteremko wenye umande na dereva wa bodaboda anayeusimamisha mguu kwenye tope ili pikipiki isilale wanaitegemea kano ileile anayoitegemea mshambuliaji, na wanaikata vilevile.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, hata kwa mataifa tajiri, kukatika kwa kano kulimaanisha kutundika daluga. Desemba 26, 1962, Brian Clough wa Sunderland, mfungaji wa mabao 251 katika mechi 274 za ligi, aligongana na kipa wa Bury. Alipata mechi tatu tu baadaye, basi. Alikuwa hajafika miaka 30. Miaka 58 baadaye Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia goti dhidi ya Everton, Oktoba 2020, na mwishoni mwa Julai 2021 alikuwa amerudi uwanjani. Kijana wa Dindira anaitazama mechi ya Van Dijk kwenye banda la video, lakini siku akiumia yeye, anaumia katika mwaka wa Clough.

Kilichobadilika kati ya watu hao wawili ni nini? Kwanza macho. Wajapani Kenji Takagi na mwanafunzi wake Masaki Watanabe walitafuta kwa miongo mingi namna ya kuingiza kifaa chembamba chenye mwanga ndani ya goti, na kazi yao ndiyo iliyozaa upasuaji wa matundu madogo, unaofanyika leo pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Daktari haipasui tena goti kama papai. Anatoboa matundu madogo, anatazama kwenye skrini, na kano iliyokatika kwa kawaida haishoni, kwa maana hujaribu kuungana ikashindwa. Anachukua kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, aghalabu zile za nyuma ya paja au kipande cha ile iliyo chini ya pia ya goti, anatoboa njia katika mifupa miwili, anaipitisha na kuifunga.

Watu wengi husimamisha hadithi hapo. Amepasuliwa, amepona. Ukweli ni kwamba siku ile kano mpya haijaanza hata kuishi. Imetolewa mahali ilipokuwa na damu yake, imepandwa mahali pageni, na kwa wiki kadhaa chembe zake hufa kabla ya chembe mpya kuingia na mishipa ya damu kuifikia. Kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya kupasuliwa. Na wiki hizo ndizo maumivu yanapokwisha, uvimbe unapopungua, mtu anapoanza kuhisi kwamba anaweza kucheza kidogo. Mwili unamwambia yuko tayari wakati ndani ya goti hakuna kilicho tayari. Sijui mtego mwingine wa tiba unaohitaji mtu aaminiwe na asaidiwe kuliko huo.

Kazi yenyewe ya kupona haina fahari. Wiki za mwanzo ni kulinyoosha goti hadi mwisho, maana lisiponyooka mapema litagoma baadaye, na kuuamsha msuli wa mbele wa paja, ambao baada ya jeraha huzimika kana kwamba umesahau kazi yake. Mtu mzima anakaa kitandani, amelikodolea macho paja lake, anajaribu kulikaza, na halikazi. Anarudia. Baadaye huja kukaa na kusimama kwenye kigoda, kupanda ngazi moja, kusimama kwa mguu mmoja. Kukimbia taratibu ni mwezi wa tatu au wa nne, kuruka na kugeuka ni baada ya hapo. Kabla ya mechi, mguu ulioumia upimwe kwa nguvu na kwa kuruka, ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake.

Watafiti wa Norway na Marekani walichapisha mwaka 2016 matokeo ambayo ningependa kila kocha ayakariri: kwa kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia miezi tisa, uwezekano wa kuumia goti tena ulipungua kwa karibu nusu. Na hata hao wanaosubiri hawarudi wote. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti za nchi nyingi ulionyesha kwamba takriban watu 8 kati ya 10 waliofanyiwa upasuaji walirudi kucheza kwa namna fulani, lakini katika mashindano walirudi asilimia 55 tu. Wengine goti lilikuwa zima. Lililobaki ni hofu, ile sekunde ya kugeuka ambayo kichwa hakijaisahau.

Klabu zetu kubwa zinalijua hili. Yacouba Songne wa Yanga alipoumia goti mwishoni mwa 2021, alisafirishwa hadi Tunisia kupasuliwa, na alichukua muda mrefu kabla ya kuonekana tena uwanjani. Mchezaji wa Dindira hana Tunisia. Ana njia ya kushuka Korogwe hadi Hospitali ya Magunga, ana Bombo mjini Tanga, kisha ana rufaa ya kwenda KCMC Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Korogwe. Tuseme ndugu wamechanga, wameuza ng'ombe, amepasuliwa na mikono mizuri. Amerudi nyumbani na karatasi ya kliniki na magongo mawili. Magongo kwenye mteremko wenye tope! Fiziotherapia iko chini, nauli ya bodaboda ni ya kwenda na kurudi, na kila wiki ina siku zake za kuchuma. Mwezi wa pili safari zinapungua. Mwezi wa tatu, palepale kano inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, hakuna anayemwangalia.

Ndiyo maana nadhani tumekuwa tukiuliza swali kwa kuanzia mwisho. Tunauliza ni lini upasuaji utamfikia mtu wa mlimani. Tungeanza kuuliza ni lini mazoezi yatamfikia. Mwaka 2010 madaktari wa Sweden walitangaza utafiti wa vijana 121 wenye kano iliyokatika, watu wenye kupenda michezo ingawa si wa kulipwa. Nusu walipasuliwa mapema na kufanyishwa mazoezi. Nusu nyingine walianza na mazoezi, wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye goti likiendelea kuachia. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo hazikutofautiana, na baada ya miaka mitano takriban nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Matokeo haya hayaondoi haja ya daktari wa upasuaji, maana anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeukageuka, au ambaye goti lake linaachia hata akitembea, bado anamhitaji. Lakini yanatuambia kwamba mazoezi ni tiba kamili, yanayostahili kupangwa na kusimamiwa kama dawa inavyopangwa.

Na vifaa vya mazoezi haya mlimani vipo. Kigoda kipo, ngazi ya udongo ipo, mfuko wa mchanga upo. Mteremko wenyewe ni kifaa, mradi ujulikane: kupanda hujenga paja bila kulitesa goti sana, kushuka hulielemea zaidi, kwa hiyo mgonjwa hupanda mapema na hushuka kwa tahadhari hadi misuli irudi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha na kumrekebisha. KCMC imekuwa ikifundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo. Mmoja wao akipanda tarafani mara moja kwa mwezi, akawakusanya walioumia wote, wa mpira na wa bodaboda, akamwachia mwalimu wa michezo au mhudumu wa afya ngazi ya jamii mpango wa wiki nne zinazofuata, magoti mengi yangeokoka bila mtu kulala Muhimbili.

Hadi hapa nimeandika "kijana" na msomaji ameona mvulana. Turekebishe. Msichana anayecheza mchezo uleule na mvulana ana uwezekano wa kukatika kano hii mara mbili hadi mara nane zaidi. Na mchezo ambao shule zetu zimewapa wasichana kwa miaka mingi ni mpira wa pete, ambao sheria yake humkataza mchezaji kukimbia na mpira: anaudaka hewani akiwa kasi, anatua, anasimama papo hapo. Hakuna amri ngumu kuliko hiyo kwa goti. Tunawatuma kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISETA, wakiwa na raba zilizokwisha soli, kwenye uwanja wa vumbi, bila kuwafundisha kutua kwa kukunja magoti. Wakiumia wanaacha mchezo kimya kimya, na nyumbani wanaambiwa afadhali, sasa atatulia. Kule Norway, wasichana wapatao 1,900 wa umri wa miaka 13 hadi 17 waligawanywa katika utafiti uliochapishwa 2008, na timu zilizofanya mazoezi maalumu ya kupasha mwili kwa dakika 20, ya kuruka, kutua, kusimama kwa mguu mmoja na kukaza nyonga, zilipunguza majeraha makubwa kwa karibu nusu. Mazoezi yenyewe hayahitaji kifaa zaidi ya mpira. Yanahitaji mwalimu anayeamini kwamba magoti ya wasichana wake yana thamani.

Nabaki na swali la goti ni la nani. Siku ya fainali ni letu. Timu ya kata inamfuata mchezaji hadi kijiji cha tatu, inamlipia nauli na kumpa chochote acheze kama mamluki, na akifunga tunambeba juu juu. Akikatika kano, goti linakuwa lake na la mama yake. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara miaka ya 1960, aliandika jinsi ambavyo katika milima hii ugonjwa haukuachwa kwa mgonjwa peke yake: jamaa na jirani walikaa, wakaamua aende wapi, nani ampeleke, nani alipe. Utaratibu huo bado upo kwa homa na kwa uzazi. Kwa mchezaji, kuna kundi moja lililomtumia mguu wake ambalo halionekani kwenye kikao hicho, nalo ni timu.

Kamati ya timu huketi kabla ya msimu. Inahesabu jezi, mpira, refa, usafiri, soda za wageni na bei ya mbuzi. Nataka katika daftari hilo uongezwe mstari mmoja wa goti: nauli za kliniki kwa miezi tisa, zamu ya watu wa kumchumia chai wakati hawezi mteremko, jina la mchezaji mwenzake atakayekaa naye jioni akihesabu marudio ya kigoda, na tarehe ambayo kabla yake hakuna kocha anayeruhusiwa kumwita uwanjani, hata kama ni fainali, hata kama mwenyewe anaapa kwamba haumwi.